Bangili za Bi Jawaher

Umewahi kushukuriwa kwa jambo ambalo, ukilikumbuka, unatamani ardhi ipasuke uingie?

Bi Zakiya wa mtaa wa Ghubra alishukuriwa hivyo mwaka mzima. Ndiye aliyemshawishi jirani yake, Bi Jawaher, auze bangili zake sita za dhahabu wakanunue hisa pamoja katika kampuni ya kamera ya nchi za nje. Yeye mwenyewe alitoa akiba ya pensheni ya marehemu mumewe. Mjukuu wake Hatem, mfanyakazi wa ofisi ya uwekezaji, akawanunulia.

Bi Zakiya hakukurupuka. Alimpigia shekhe kwanza. Kampuni inauza pombe? Haiuzi. Riba? Hapana. Nguruwe? Hapana. Akaridhika. Kuhusu silaha hakuuliza.

Faida ikija, hununua halwa ya Alhamisi, siku wanawake wa mtaa wanapokusanyika kwake kusoma Yasini. Wakimaliza huwaombea dua watu wanaopigwa mabomu. Kisha Bi Jawaher humwambia, "Mungu akuzidishie, shoga. Umenifungua macho."

Alhamisi moja Hatem alifika kabla ya alasiri, simu mkononi.

"Bibi, kuna mswada umepelekwa bungeni, nchi moja kubwa huko. Ukipita, watu wao hawatoruhusiwa kutia fedha katika kampuni za nje zenye mkono katika mambo ya majeshi. Yetu imetajwa."

"Kamera na jeshi, wapi na wapi?"

"Si kamera za harusi hizi, Bibi. Zinafungwa kwenye ndege zisizo na rubani. Ndizo zinazoona pa kupiga." Akainamisha kichwa. "Nlikwambia siku ile ya kununua, ukasema nisikuchanganye."

Bi Zakiya alikumbuka. Alikumbuka mpaka alichokuwa akifanya: akichambua iliki kwenye sinia, na hakuinua macho.

"Sheria bado haijapita," Hatem akasema. "Tuuze leo, bei haijaanguka. Bi Jawaher ntamwambia tumepata pazuri zaidi. Hatojua."

"Uza. Lakini yeye usimwambie kitu. Ntamwambia mwenyewe."

Wanawake wakaja, wakasoma. Dua ilipofika kwa wanaopigwa, wote waliitikia amina. Halwa ilikuwa katikati yao, inang'aa kwa zafarani, na lozi juu. Bi Zakiya hakuigusa.

Wenzao walipoondoka alimshika Bi Jawaher mkono, akamkalisha, akammiminia kahawa, akamweleza yote. Hata ile iliki hakuificha.

Bi Jawaher alisikiliza mpaka mwisho. Akamaliza kahawa, akakitikisa kikombe, maana yake imetosha. Mkono ule, ambao zamani ungelia kwa dhahabu, haukutoa sauti.

"Nisamehe, shoga," Bi Zakiya akasema. "Faida yote tutaitoa kwa hao tunaowaombea. Na wewe ntakununulia bangili nyengine, sita vilevile."

"Nyengine hazitokuwa za mama."

Bi Zakiya akaivuta mikono yake mapajani, na bangili zake mwenyewe, ambazo hakuwahi hata kufikiria kuziuza, zikagongana. Akazifunika kwa ushungi.

Bi Jawaher alizitazama pale zilipojificha.

"Mimi hisa sikuzitaka, Zakiya," akasema taratibu. "Nlitaka bangili zangu zibaki mkononi. Nlikustahi tu."