Vibao Vinne vya Boma

"Hivi Mama Dorika, unaandika au unapanda mahindi?"

Telesia, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeuliza hivyo, amesimama mlangoni na debe la maji kichwani. Esteria hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya vibao vinne virefu vyeusi vilivyolazwa sakafuni, na juu yake herufi nyeupe zimetawanyika, moja hapa, mbili kule, katikati mapengo.

"Naandika."

"Haya! Yamekaa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Nani atayasoma?"

"Rudi Alhamisi utaona. Na funga mlango, mama, upepo unaniletea vumbi."

Telesia akaenda zake akicheka. Esteria naye alicheka, ila kidogo, maana jambo lenyewe halikuwa la kucheka.

Marehemu mumewe, Elieza, alikuwa fundi wa vibao hapo Makambako. Aliacha sanduku la herufi za bati, kila bati limetobolewa herufi moja. Unalilaza juu ya ubao, unapitisha brashi, unaliinua, herufi imebaki. Matanga yalipokwisha tu, Kefa, mdogo wa marehemu, akaja kudai. Alisema vifaa vya kaka ni vya mdogo wake, na mjane naye ahamie uani kwake kama ilivyo desturi. Esteria akamjibu kwamba yeye alifunga ndoa moja mbele ya Mungu, na Kefa ana mke tayari.

Shauri likafika kwa Mzee Kornelio, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa vilevile. Akasikiliza pande zote mbili, kisha akaamua. Boma la serikali kule Njombe lilikuwa limeagiza vibao vinne kwa Elieza kabla hajafa. Esteria akivimaliza vizuri kabla lori halijaja Jumamosi, sanduku ni lake na nyumba yake abaki nayo. Akishindwa, au akiharibu hata kimoja, Kefa achukue sanduku, na mjane ahame.

"Mimi nimekaa Tanga miaka saba kwenye mkonge," Kefa alisema siku ile. "Kiingereza nimekisikia mpaka nikakichoka. Wewe shemeji una darasa la nne la misheni. Utayaweza maneno marefu namna hii?"

"Karatasi ya karani wa Boma ninayo," Esteria alijibu.

Karatasi ilikuwa na maneno manne: ADMINISTRATION, REGISTRATION, CONSERVATION, VACCINATION. Hakujua hata moja linasema nini. Aliiweka mapajani, akasali kama anavyosali kabla ya kula, kisha akaanza kuzihesabu herufi kwa kidole, kama mtu anayechambua maharage. Jumla zilikuwa arobaini na tisa. Lakini A, I, N, O na T zilikuwamo katika kila neno, tena zikijirudia; hizo tano peke yake zilifika thelathini na mbili. Kumbe maneno marefu ya Wazungu yanalishwa na ghala moja!

Elieza alikuwa akiandika neno kwa neno. Kila akibadili herufi huosha bati kwa mafuta ya taa, kisha hungoja rangi ikauke ndipo aweke ya jirani. Hivyo vibao vinne vingemla wiki tatu. Esteria akapima nafasi zote kwa penseli, akachukua bati la I, akaipiga mahali pote panapoitaka, mara nane, kwenye vibao vyote. Akaliosha mara moja tu. Alipofika zamu ya N, I zilikuwa zimekauka.

Kefa alichungulia dirishani Jumatatu, akaona yale mapengo, akaenda mbio kwa Mzee Kornelio kusema mali ya serikali inaharibiwa. Mzee alikuwa na mgonjwa. Walifika Alhamisi asubuhi.

"Kamwene, baba," Esteria akamsalimia Mzee.

"Kamwene. Nionyeshe."

Mzee akavaa miwani, akainama, karatasi mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikitembea juu ya ubao bila kuugusa. Kibao cha kwanza sahihi. Cha pili sahihi. Cha tatu sahihi. Kwenye cha nne kidole kikasimama.

"Hapa kuna pengo."

"Ni C ya pili, baba. Ya kwanza nimeipiga sasa hivi. Naisubiri ikauke."

Kefa akacheka. "Herufi moja anaisubiri! Bati ni lilelile, brashi ni ileile. Na huyu ndiye mnayetaka kumwachia sanduku?"

"Basi piga wewe," Mzee akasema.

Esteria akamgeukia Mzee. "Baba, ikiharibika itahesabiwa kwa nani?"

"Kwa mkono ulioshika bati."

Esteria akampa Kefa bati na brashi.

Kefa akapiga goti moja kwenye ukingo wa ubao, akalaza bati. Pembe yake ikaikalia C mbichi. Akapaka, akainua, na C ya kwanza ikainuka nusu, ikaburuzika mpaka kwenye A. Akafuta kwa mkono wa shati. Ikawa wingu jeupe.

Mzee Kornelio akavua miwani.

"Utaweza kuitengeneza kabla ya Jumamosi, binti yangu?"

Esteria alilitazama doa lile kwa makini kabla ya kujibu. "Nitaweza. Nitalifuta kwa mafuta ya taa, nipake weusi, kisha nizipige herufi upya moja moja. Lakini nianze sasa."

"Kefa," Mzee akasema, "shemeji yako anangoja uondoe goti."

Kefa akasimama. Bati bado lilikuwa mkononi. Akalitazama, akaliweka juu ya mfuniko wa sanduku la Esteria, akatoka.