Cherehani Yenye Nguo Mdomoni

Mama mkubwa alikuwa ameshakubali kabla mimi sijaweka mkasi chini.

Kijana mwenyewe alikuwa nadhifu, shati limenyooshwa pasi kama la harusi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeukia ndani. Alisema kampuni yao inawafungia mafundi mota bure kwenye cherehani za miguu. Wanaichukua leo, wanairudisha kesho, inajiendesha yenyewe. Kama dhamana wanatuachia boksi lenye cherehani mpya, ila tusilifungue.

"Wenzako mtaa wa nyuma, mama, wanashona huku wamekunja nne."

Hapo ndipo alipompata. Magoti ya mama mkubwa yamekwishia kwenye kanyagio. Jioni akiinuka kitini hushika meza, akashika ukuta, mwisho akanishika mimi. Na cherehani ile ndiyo inayotulisha. Ikitoka isirudi, sisi tunafunga mlango.

Mimi nilikuwa nalitazama boksi. Kijana alikuwa amelileta kutoka kwenye pikapu amelibana kwapani, mkono wa pili unabonyeza simu. Cherehani ni chuma. Yetu, tukitaka kufagia chini yake, tunamwita Gundi, fundi viatu wa mlango wa pili, na bado tunaibeba kwa kuguna.

"Mama mkubwa," nikasema taratibu, "si tungeuliza kwanza pale dukani iliponunuliwa?"

"Nawe! Mtu kaletewa neema mpaka mlangoni, unataka akaiulizie dukani?"

Kijana akacheka. "Muache, mama. Wivu huo."

Mama mkubwa ukimpinga mbele ya mgeni ndiyo kwanza umemkaza. Nikavuta pazia la mteja, nikakaa, nikaliingiza chini ya sindano, nikaanza kukanyaga.

Humu ndani kuna mwiko mmoja, na ameuweka yeye mwenyewe: cherehani yenye nguo mdomoni haiguswi. Mshono ukishaanza, hata aje nani, atasubiri ufike mwisho. Na pazia, wanaolijua wanajua, ni refu kama maneno ya mshenga.

"Dada, tuna haraka," kijana akasema.

"Namalizia pindo tu, kaka. Karibu ukae."

Akakaa. Akasimama. Nje dereva akapiga honi. Mimi nakanyaga kama anayembembeleza mtoto mchanga. Nikifika kwenye kona nasimama, nageuza kitambaa, nakinyoosha kwa kiganja, naanza upya.

"Mama, mwambie basi. Nafasi itakwenda kwa mwingine."

"Wewe, kaza mguu!" mama mkubwa akanifokea. Kisha akamgeukia kwa upole. "Vumilia, mwanangu. Hapa kwangu mshono haukatizwi."

"Mshono gani usiokatizwa? Hebu toka!"

Akalishika pazia kwa mikono miwili, akalivuta. Mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa chini ya sindano, ulikuwa bado umeshuka. Sindano ikapinda, ikakatika, tak! Kitambaa kikachanika.

Mama mkubwa aliitazama ile sindano. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayeamshwa.

"Toa mkono wako."

"Mama, nilitaka tu kusaidia..."

"Wewe ni mtu wa cherehani? Unavuta nguo hujainua mguu? Haya, fungua boksi."

"Likifunguliwa dhamana inakufa."

"Ife, tutaizika. Gundi! Gundi wee! Njoo na kisu chako!"

Sijui kijana alidhani kisu ni cha nani. Gundi alipoingia na kisu chake cha ngozi, anauliza "Nani anapasuliwa?", kijana alikuwa ameshadandia pikapu, kiatu kimoja kimebaki kizingitini.

Nikamweleza Gundi ahadi zote, akalichana boksi. Magazeti, na kipande cha tofali.

"Ndiyo cherehani mpya yenyewe hii?" akasema. "Inatumia petroli au dizeli?"

Mama mkubwa hakucheka. Alikaa juu ya benchi la wateja, mikono mapajani.

"Msimwambie mtu," akasema. "Mtu mzima mimi, na akili zangu. Nilikuwa nakaribia kuwasaidia kubeba."

Nikatazama nje. Pikapu haikuelekea barabara kubwa. Ilikata kona kwenda kwa mama anayefuma sweta, mjane, ana mashine moja tu.

"Mama mkubwa," nikasema, "wamekwenda kwa mama sweta."

Niliona aibu na hasira zikivutana usoni mwake. Kisha akashika meza, akashika ukuta, akatoka, na mimi nyuma, na Gundi na kisu chake.

Sijawahi kumsikia akipaza sauti barabarani. Siku hiyo alipaza. "Jamani, tokeni! Mimi hapa nimetaka kuibiwa nikishangilia! Wana pikapu, wanachukua mashine! Ukiambiwa bure halafu haraka, shika chako!"

Milango ikafunguka. Msusi akatoka na kitana mkononi, mteja wake nyuma, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Tulipofika, mashine ya kufumia ilikuwa kizingitini, kijana ameikamata upande mmoja, mama sweta upande wa pili, anamshukuru.

"Achia, dada!" mama mkubwa akapiga kelele. "Mimi nimeshamshukuru kabla yako!"

Kijana akaona watu wanavyozidi kuja, akaachia yeye. Msusi aliinua simu, akaipiga picha namba ya pikapu ikiondoka, ili tuifikishe polisi.

Tuliirudisha mashine ndani tukiwa watu wanne, Gundi anatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Mama sweta alikuwa anarudia kusema yeye ni mjinga. Mama mkubwa akamkalisha kwenye ngazi, akakaa naye, akaanza kumweleza habari yake tangu mwanzo: lile shati, zile nne za kukunja. Wanawake wakasogea. Kila aliyefika akaanziwa upya, na kila mara mama mkubwa alijifanya mjinga zaidi kuliko alivyokuwa, mpaka mama sweta naye akacheka, akafuta macho, akasema, "Ngoja, na mimi niwaambie alivyoniambia."