Mkanda wa Presha

"Mia na kumi kwa sabini," nesi alitamka bila kuinua macho, kalamu ishagusa kadi.

Fundi cherehani akautazama mkono wake. Hakuna kilichofungwa, hakuna kilichopulizwa.

"We sista, umenipima saa ngapi?"

"Ya mwezi jana hiyo, shoga. Mashine mbovu. Tunanakili tu mpaka ije nyingine."

Basi benchi zima likacheka, maana zahanati ile ndivyo ilivyokuwa ikienda, mwezi wa nne sasa. Unafika na tumbo lako, unapanda mzani, halafu presha yako ya zamani inashushwa mstari wa chini kwa mwandiko mzuri kabisa. Fundi yeye hakucheka. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana, miguu imevimba hadi kandambili hazipiti. Na mimba yake ya kwanza alishaizika, ya miezi saba, huku kadi inasema kila kitu kawaida.

"Sista, mimi nashona nguo," alisema. "Nikimshonea bibi harusi kwa vipimo vya mwezi jana, gauni linampasukia mbele ya wakwe. Mimi mwenyewe nimenenepa kila mahali. Hiyo namba peke yake ndiyo iko dayati?"

"Mwambie!" Mama Mapacha, aliyekaa pembeni yake na tumbo la watu wawili, akapiga paja. "Ya kwangu mimi imeshaota mvi!"

Nesi naye kicheko kikamponyoka. Akafungua kabati, akaitoa mashine. "Haya, tazameni wenyewe. Pampu nzima, saa ya kusomea nayo nzima. Ni huu mkanda wa mkononi tu, velkro yake imekwisha, hainati. Ukipuliza unafunguka."

"Velkro?" Fundi alikodoa macho. "Yaani tunanakiliwa kwa sababu ya velkro?"

Fundi hatembei bila sindano na uzi, vimechomekwa kwenye kilemba. Akaifumua velkro ya mkoba wake, akaanza. Mmoja akashika mkasi, mwingine akatunga uzi, na Mama Mapacha akatoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Piga mara mbili hapo! Mkono wangu mimi si wa mchezo!"

"We nyamaza, nisije nikakushonea humo humo."

Robo saa, kazi imeisha. Wa kwanza kufungwa mkanda akawa yeye mwenyewe. Nesi akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. Tabasamu likamfutika.

"Mia na sabini kwa mia na kumi. Fundi, lala hapa. Usinyanyuke kabisa."

Akachomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, gari la wagonjwa likapigiwa simu, na kwa bahati siku hiyo lilikuwa na mafuta. Fundi alilala kitandani, woga umemjaa, lakini pia alitaka kucheka: safari hii wamemwahi. Mtoto akampiga teke la mbavu.

"Na wewe unashangilia, ee?" akamnong'oneza.

Gari lilipofika, ndipo akaingia mkuu wa zahanati, faili kwapani.

"Nani kagusa hiyo mashine? Nimeshaiandikia barua kwamba ni mbovu! Wakaguzi wakija Jumatatu wakaikuta inafanya kazi, mimi si nitaonekana mwongo? Rudisha kabatini!"

Nesi, ambaye miaka sita yote hajawahi kumjibu bosi wake, alimtazama Fundi akipakiwa kwenye machela. Kisha akaukumbatia mkanda kifuani.

"Barua utaandika nyingine, mkuu."

"Umesemaje?"

Machela ilikuwa inapita mlangoni. Fundi akageuza shingo, akaona wanawake ishirini na mmoja wamekaa wima kwenye benchi, mikono ya magauni yote imekunjwa hadi begani, na Mama Mapacha amenyoosha mkono wake mnene mbele ya tumbo la mkuu, kumzibia njia.

"Puliza, sista," akasema Mama Mapacha.