Mama Mwenye Nyumba Chini ya Meza

Tuseme ukweli mapema, asije akasingiziwa mtu: aliyekoroga mambo yote ni Rengiil na chakula chake cha bure.

Ansina hakuwa na kosa. Yeye alikuwa ameshajipangia vizuri. Mchana kutwa anasafisha vyumba vya hoteli kule Waikiki, ufukweni Honolulu, mgongo umepinda, kichwa kiko chini ya vitanda vya watu akitafuta soksi zao. Jioni anarudi nyumbani mtaa wa Kalihi, na nyumbani yupo kaka yake, Takasy. Kwao, visiwa vya Chuuk, mwanamke hajiinui juu ya kaka yake. Kaka ameketi, dada anapita kwa magoti, "tiro, tiro," ndiyo samahani yao, kichwa chini ya kichwa cha kaka, na sauti ndogo ya kuombea chumvi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na Ansina alimheshimu Takasy kwa moyo mweupe. Lakini magoti ni magoti jamani, nayo huchoka.

Basi kila Jumanne, Takasy akishaondoka kwenda zamu yake ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, Ansina alikwenda ukumbi wa kanisa kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Kaka alijua ni kwaya. Mchezo wenyewe waliutunga pamoja, watu wa visiwani, wa Chuuk, wa Pohnpei na Wamarshall wawili, kutokana na vituko vyao wenyewe vya kuishi kwa kubanana Honolulu. Ansina alikuwa mama mwenye nyumba, mwanamke katili mwenye kofia ya manyoya, anayepanda juu ya meza na kufoka kwa sababu mpangaji alisema wako wanne, na yeye anaona miguu inachomoza kabatini. Siku ya kwanza alipoipanda ile meza, akanyoosha mgongo, akafoka, njiwa waliruka kutoka paani. Mwenyewe alishtuka. Akapenda. Alipenda mno, mpaka akiwa chini ya vitanda vya hoteli alikuwa anafoka kimoyomoyo. Kitu kimoja tu kilimnyima usingizi: Takasy akijua, akasema hapana, basi imekwisha. Neno la kaka halikatiwi rufaa.

"Kwani atakuja?" Rengiil alimuuliza. Huyu ndiye mwongozaji wao, Mpalau, mtu wa kujisikia kidogo. "Kwetu Palau wanawake ndio wanaochagua machifu. Ninyi Wachuuk mnatambaa kama mmedondosha sindano."

"Na ninyi Wapalau mnatembea kama mmemeza ufagio," Ansina akamjibu. "Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Usitangazetangaze. Watakuja wachache, tutacheza, tutakwenda kulala."

Mtu mzima ameambiwa hivyo, kwa kinywa kipana. Jumapili Rengiil akasimama baada ya misa na kutangaza kwamba Ijumaa kuna mchezo, na kabla ya mchezo kuna chakula bure: wali, shelisheli la kutwanga, na mikia ya bata mzinga. Hivi unamtangazia Mchuuk mikia ya bata mzinga halafu unategemea abaki nyumbani? Takasy alibadilishana zamu siku hiyohiyo, wala hakumwambia dada yake.

Ijumaa pazia likafunguliwa. Ansina juu ya meza, mikono kiunoni, kofia kichwani, kifua kimejaa pumzi. Akatazama mstari wa mbele. Hapo alikuwa ameketi Takasy, sahani mapajani, mkia wa bata mzinga umeishia njiani kuelekea mdomoni. Nyuma yake wamejaa binamu, na kwa Wachuuk binamu ni kaka vilevile: Akapito, Nerimon, Sirino na wenzao, wote wanatafuna.

Ansina hakufikiri. Magoti yalifikiri kwa niaba yake. Alishuka mezani kama gunia la mchele, akaingia uvunguni, na kofia ikabaki juu peke yake.

"Tiro," ikasikika sauti kutoka chini ya meza.

Sasa mpangaji, aliyeigizwa na Ioanis wa Pohnpei, alitakiwa kupiga magoti na kumlilia mwenye nyumba. Akapiga magoti kama alivyofundishwa, akajikuta yuko juu ya mtu anayemlilia. Akaona haiji. Akalala kifudifudi.

"Mama mwenye nyumba," akasema, shavu liko sakafuni, "nihurumie."

"Mko wangapi humu ndani?" akauliza mwenye nyumba katili, kwa sauti ya kuombea chumvi.

"Tuko wanne, mama."

"Haya, asante."

Mchezo ungeweza kuishia hapo. Watu walicheka mpaka wali ukawapalia. Rengiil, nyuma ya pazia, alikuwa anajing'ata kidole.

"Simama," akanong'ona.

"Kaka yupo."

"Huu ni mchezo tu, Ansina."

"Mchezo ni mchezo, na kaka ni kaka."

"Basi toa hata mkono."

Ansina akatoa mkono, akautikisa kwa vitisho. Ioanis, kwa heshima, akajifanya anautetemekea. Ukumbi ukavunjika mbavu, na hakuna aliyejua kwamba chini ya ile meza mama mwenye nyumba analia machozi ya kweli. Alikuwa anaitazama meza kwa chini, mbao na gundi iliyokauka, kama anavyotazama vitanda vya hoteli kila siku, na ilimuuma.

Ndipo Takasy akasimama. Kicheko kikakatika. Akaiweka sahani kitini taratibu, akageuka, akatoka nje bila kumtazama mtu.

"Amechukia," mtu akanong'ona.

Ansina akafumba macho. Alijua kinachofuata. Ataitwa nje, ataambiwa, ataitikia, na kofia itarudi sandukuni. Akaanza hata kufikiri nani atachukua nafasi yake, na kila jina lililomjia alilichukia.

Mlango ukagonga. Takasy alikuwa amerudi, amebeba begani ile ngazi ya kubadilishia balbu za kanisa. Akaisimamisha kando ya jukwaa, akaitikisa kuona kama imetulia, akarudi kuchukua sahani yake, akapanda. Alipofika kipandio cha tatu kutoka juu akaketi.

"Endeleeni," akasema, akauma mkia wa bata mzinga.

Binamu wakatazamana. Akapito, ambaye mwili wake ni wa watu wawili, akaitazama ngazi, akaitazama meza, akapanda juu ya piano.

"Shuka kwenye piano," padri akasema.

"Padri, dada yangu anataka kusimama."

Nerimon akapanda dirishani. Sirino akasimama juu ya kasha la barafu. Wengine wakarundika mabenchi na kupandana kama dagaa kwenye kopo lililosimamishwa wima. Wale Wamarshall wawili, ambao hawakuwa na dada yeyote humo, wakapanda tu kwa kufuata mkumbo. Waliobaki chini ni wanawake na watoto, na sasa wanaona vizuri.

Ansina akachungulia. Akatoa kichwa, akapima kwa jicho. Akapanda mezani kwa magoti, akaokota kofia, akaweka unyayo mmoja, kisha wa pili. Akiwa amejiinua nusu akaona bado anamzidi Takasy kidogo, akasita. Takasy akaona alivyosita. Akasimama kwenye ngazi, akapanda vipandio vingine viwili, mpaka kichwa kikagonga dari na shingo ikapinda.

Ansina akanyooka.

"MKO WANGAPI HUMU NDANI?"

Ioanis aliruka kutoka sakafuni na kusahau maneno yake yote. Mtoto mmoja akamwambia mama yake warudi nyumbani. Akapito alitetemeka na piano ikalia yenyewe. Mama mwenye nyumba akafoka, akamvuta jamaa mmoja kutoka kabatini kwa masikio, akamkuta mwingine ndani ya tenga la nguo chafu, akamfokea na yule. Rengiil alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwongoza mtu kufoka hivyo, na ni kweli, hakumwongoza.

Makofi yalipokwisha, binamu wakashuka mmoja mmoja. Takasy hakushuka. Alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Kaka, vipi?" Ansina akauliza akiwa chini.

"Wakati wa kupanda sikutazama chini," akasema. "Sasa nimetazama."

Ansina akaishika ngazi kwa nguvu. Takasy akashuka kipandio kimoja, Ansina akainama kidogo. Akashuka kingine, akainama zaidi. Mguu wa kaka ulipogusa sakafu, dada alikuwa amechuchumaa, ameshika miguu ya ngazi, kofia imemfunika macho, anasubiri neno.

Takasy aliketi kwenye kiti cha karibu na kupangusa uso.

"Ile sauti," akasema, "uliitoa wapi?"

"Ni yangu, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Takasy akatikisa kichwa. "Miaka yote hii tunakaa nyumba moja, na mimi najua una kasauti kadogo." Akatazama mikono yake. "Mnacheza tena lini?"

"Jumamosi ijayo. Waipahu."

"Dari ya huko ikoje?"

"Iko juu sana, kaka."

Takasy akaitazama ngazi kutoka chini mpaka juu.

"Haya," akasema. "Waambie watafute ngazi ndefu."