Chembe Kumi za Kwanza

Uzembe wa maabara ile ulikuwa na jina zuri: kufunga kumi. Kanuni ilidai mpimaji ahesabu kromosomu za chembe thelathini kwa kila mgonjwa. Lakini macho yanachoka, kazi zinarundikana, na kumi za kwanza zikitoka safi, mtu anaandika thelathini bila haya na kuvuta kioo kingine cha damu chini ya darubini. Mama Darubini, mpimaji mkongwe, ndiye aliyewafundisha wenzake ujanja huo.

Hata damu ya binti wa mdogo wake aliifunga kumi. Mtoto alikuwa na miezi miwili, mlegevu, hanyonyi vizuri. Chembe kumi, kila moja kromosomu arobaini na sita, kamili. Akampigia mdogo wake simu, akamwambia mtoto mzima, aondoe wasiwasi. Mama mkwe wa mdogo wake naye akapata la kusema: kumbe ugonjwa hakuna, ni mama tu asiyejua kulea. Mdogo mtu akayameza maneno hayo miaka mitatu.

Sasa midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi. Daktari wa moyo aliona tundu moyoni, akasema lilipaswa kuzibwa alipokuwa mchanga. Mapafu yameshaharibika, upasuaji utamuua. Akaomba kile kipimo cha zamani kiangaliwe upya.

Mama Darubini akakifukua kioo stoo, na safari hii akahesabu zote. Ya kumi na mbili ilikuwa na arobaini na saba, moja ya ziada. Ya kumi na tano vilevile. Chembe moja ilikosea kujigawa mtoto akiwa tumboni, na zote zilizotokana nayo zikabeba kosa lake. Chembe haina akili, hailaumiwi. Yeye alikuwa nayo. Kosa hilo mara nyingi huja na tundu la moyo; majibu sahihi yangemfikisha mtoto kwa daktari wa moyo wiki ile ile. Alijichukia.

Mdogo wake alimsubiri kwenye benchi la korido, mtoto mapajani, anahema kwa taabu.

"Dada, ulihesabu mwenyewe, si ndiyo? Angekuwa mtu mwingine ningesema alikosea."

Mama Darubini alimwinamia mtoto, akamfunika vizuri.

"Nilihesabu zote," akasema.

"Basi mama mkwe hakunionea. Ni mimi."

Mama Darubini akaketi kando yake, akamshika mkono, akamwambia asijilaumu.