Kiozeshi wa Darasa la Tano

Mimi hasira zangu ziko karibu, siwafichi. Wanafunzi wananiita Pilipili wakidhani sijui. Najua, na kusema kweli jina limenikaa. Lakini asubuhi ile, bibi mmoja fundi cherehani alipoingia ofisi ya mwalimu mkuu bila hodi, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, nilikutana na pilipili kichaa.

"Yuko wapi huyo mwalimu wa sayansi anayetaka kumuozesha mjukuu wangu?"

Niligeuka nyuma, labda kulikuwa na mwalimu mwingine wa sayansi. Hakukuwa na mtu.

"Shikamoo, Bibi," mwalimu mkuu akaanza.

"Shikamoo yako iweke kwanza! Mtoto ana miaka kumi na moja. Kumi na moja! Nataka barua ya uhamisho sasa hivi, nikitoka hapa naenda polisi."

Loo! Jasho lilinitoka. Inabidi nirudi nyuma niwaeleze yaliyotokea jana yake.

Darasa langu la tano lilikuwa na ugonjwa wa kucheka. Mtu akikosea jibu, anachekwa mpaka anatamani dawati limmeze. Kati ya wanafunzi arobaini na watatu, waliokuwa bado wananyoosha mikono ni sita tu. Kugomba nimegomba, na kwa kugomba sina mpinzani, lakini wapi! Ndipo nikaona niwafundishe mfumo ikolojia, yaani jinsi viumbe wa mahali pamoja wanavyotegemeana wao kwa wao, na udongo na maji yao.

"Darasa hili ni kama bwawa," niliwaambia. "Ukimwagia sumu upande wa mwenzako, jioni utayanywa maji hayo hayo."

Nikaandika vikaratasi, kila mtu aokote chake: huyu mmea, huyu mlaji, huyu kiozeshi. Viozeshi ni wale vijidudu na uyoga wanaovunjavunja mizoga na majani makavu mpaka yanakuwa rutuba. Karatasi ya kiozeshi ikaangukia kwa msichana tunayemwita Kimya, kwa sababu tangu ahamie kwetu hakuwahi kunyoosha mkono hata mara moja. Kabla sijafafanua, kijana mmoja aitwaye Redio, maana hana kitufe cha kuzimia, akapaza sauti: "Jamani, Kimya anaoza! Fungueni madirisha!"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi, niseme tu, nilicheka. Kidogo, kwa pua, lakini nilicheka. Kengele ikalia, tukatawanyika.

Kimya alifika nyumbani analia. Bibi yake alipomuuliza kulikoni, akajibu kwa kwikwi: "Mwalimu ameniweka kwenye kuozesha." Basi bibi akasikia harusi.

"Bibi," nilimwambia pale ofisini, "si kuozesha kwa ndoa. Ni kuozesha majani."

"Majani nayo yanaolewa?"

Mwalimu mkuu alijifanya anakohoa. Nilieleza, nikachora, nikaeleza tena, mpaka bibi akaelewa. Alicheka huyo! Alishika meza, akafuta machozi kwa ncha ya utepe wake, nikashusha pumzi nikijua yamekwisha.

Ghafla akanyamaza. "Sawa, harusi hakuna. Sasa mtoto alikuwa analilia nini?"

"Alichekwa, Bibi."

"Na nani?"

"Na wenzake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilitaka kusema niliwanyamazisha. Uongo ulishafika mdomoni kabisa. "Nilikuwepo," nikasema. "Na mimi nilicheka."

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Alimgeukia tu mwalimu mkuu: "Andika barua." Ikaandikwa, ikagongwa muhuri, akaitia kwenye pochi.

Niliumia. Daftari la Kimya ndilo nililokuwa nikilisahihisha mwisho, kama mtu anayejiwekea mnofu mwisho wa mlo. Alijua kila kitu yule mtoto, ila alikijulia kwenye karatasi tu. Nikaweka kiburi pembeni.

"Bibi, nipe kipindi kimoja. Njoo ukae ndani mwenyewe. Usiporidhika, ondoka naye."

"Kimoja," akasema. "Nina sare za watu mashineni."

Akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu, Kimya pembeni yake ameinamisha kichwa. Nikasimama mbele.

"Jana mlimcheka mwenzenu, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Mtu mzima ovyo! Kimya, nisamehe."

Wakatazamana. Hawajazoea. Mara Redio akainuka bila kuitwa. "Na mimi nisamehe, Kimya. Nilipiga kelele kwa sababu niliogopa mwalimu ataniuliza maana yake, na sikuijua."

"Hata mimi sikuijua," akasema mwingine. "Na mimi." Kumbe nusu ya darasa!

Nikawaeleza kwamba bila viozeshi bwawa hujaa mizoga, na mimea hufa njaa. Kisha, kwa haraka, maana bibi alikuwa anatazama saa, nikachora nyasi, panzi na chura, nikaunganisha kwa mishale. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Kidole kimoja kikainuka nyuma. Cha Kimya.

"Mwalimu," alisema, sauti ikitetemeka, "mshale huwa unaelekea kwa anayekula. Hapo nyasi zimemla panzi. Na panzi amemla chura."

Nikatazama ubao. Mungu wangu! Na naapa sikufanya makusudi. Shingo iliniwaka moto. Watoto wote walinikodolea macho, na hakuna aliyecheka. Redio alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Siku hiyo ndipo nilipojua dakika ya mtu aliyekosea ina urefu gani, na kwamba watoto wangu walikuwa wakiipitia kila siku, mmoja mmoja.

Hasira zilikuja, nikazimeza. Nikamnyooshea chaki. "Njoo umwokoe chura."

Alikuja. Akafuta, akageuza mishale, akaeleza, na kila neno likatoka na nguvu kuliko lililotangulia. Redio akauliza swali la kipuuzi kabisa, naye akalijibu taratibu bila kumdharau. Nilipomtazama yule panzi wangu mla vyura aliyebaki nusu ubaoni, nikaanza kucheka mwenyewe, na darasa zima likanifuata, Kimya akiwa wa kwanza.

Bibi alivutwa kutoka kwenye dawati na wanafunzi wawili. Akafungua pochi, akanikabidhi ile barua.

"Mrudishie mkuu karatasi yake," alisema akijinyoosha mgongo. "Mjukuu wangu haondoki. Nitamwondoaje, na mwalimu mwenyewe bado hajui nani kamla nani?"