Meza ya Dirishani

Baba yangu aliingia mgahawani kwetu jioni ya Hanuka, sikukuu yetu Wayahudi ya muujiza wa taa ya Hekaluni, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo. Nilimwona kutoka jikoni na hasira zikanipanda. Alichagua pale ili watu wa sinagogi yake wanaopita barabarani wasimwone.

"Shifra, taratibu," alisema mume wangu Evaristo huku akigeuza latke, zile chapati za viazi za Hanuka, kwenye mafuta. "Mzee kaja mwenyewe."

"Kaja kujificha."

Tangu niolewe na Evaristo, Mmeksiko asiye Myahudi, baba hakuwahi kukanyaga kwetu. Akiulizwa ana watoto wangapi, alinitoa kwenye hesabu. Kisingizio chake kilikuwa sufuria, eti hajui zimepikiwa nini, na dini yetu ina masharti ya chakula, hasa nyama. Uongo mtupu! Kwetu nyama haiingii hata ya dawa, na kikaango cha latke nilinunua kipya kwa ajili yake. Mama alimsihi miaka nenda miaka rudi waje pamoja, akakataa, mpaka mwaka huu tukamzika mama. Sikutaka zawadi yoyote. Nilitaka aseme mbele za watu kwamba mimi ni binti yake, basi.

Nikampelekea sahani. Viazi vimekaangwa vikakauka kingo, juu yake krimu na salsa ya kijani ya Evaristo, ile ya pilipili za kuchoma na giligilani.

"Mchuzi wa tofaa wa kulia latke uko wapi?" aliuliza.

"Hapa hatuna. Ukiutaka, nenda kwa wenzako."

Akakata kipande, akala. Akaacha kutafuna, akafumba macho. Kisha akala upesi upesi, salsa ikimdondokea ndevuni.

"Hii ndiyo ya mama yako," alisema.

"Mama hakujua kutengeneza salsa."

"Najua. Pilipili ilimtoa machozi kwa kuitazama tu. Lakini kila Hanuka aliniwekea hii, akasema kainunua dukani. Nikala, nikanyamaza."

Mama alikuwa akija kwetu kwa mlango wa nyuma na kuondoka na chupa ya salsa mkobani. Siku zote nilidhani anaila yeye.

"Ulijua imetoka kwangu?"

"Mimi si mtoto, Shifra."

Hapo nikamtolea uvivu. "Kumbe jiko langu lilikuwa likikulisha, na mdomo wako huohuo ukisema huna binti! Mama anabeba chupa kama mwizi, wewe unajifanya hamnazo! Alichotaka ni kukaa hapa na wewe, Baba. Hapa tu! Kafa hajakaa!"

Wateja wakageuka kututazama. Evaristo akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Punguza sauti," baba alinong'ona. "Watu wanasikia."

"Ndiyo, watu! Kinara cha mishumaa ya Hanuka huwekwa wapi? Si wewe uliyenifundisha?"

Akafuta salsa ndevuni.

"Huwekwa wapi, Baba?"

"Dirishani."

"Kwa nini?"

"Wapita njia wauone muujiza."

"Basi beba sahani yako ukakae kule. Ama iache, utoke kwa mlango wa nyuma, ule wa mama."

Aliitazama sahani. Kusema kweli nilitamani aondoke, nibaki kumchukia kwa raha zangu. Lakini aliinuka, akaibeba kwa mikono miwili hadi meza ya dirishani, akaketi kando ya kinara. Mishumaa ilikuwa inawaka.

Haukupita muda, akatokea Zalman, anayekaa naye benchi moja sinagogini. Akasimama nje, macho yamemtoka. Nikadhani baba atavuta tena kofia. Akaivua badala yake, akabaki na kikofia kidogo cha Kiyahudi alichovaa ndani yake, akagonga kioo kwa uma na kuninyooshea kidole.

"Binti yangu huyo!" alipaza sauti. "Binti yangu! Ingia ule!"

Ndilo neno nililolingoja, na mama hakuwepo kulisikia. Sikumkumbatia. Zalman alipoingia nilileta sahani mbili, moja yake. Ya pili niliiweka mbele ya kiti kitupu, ambacho mama angekikalia, nikaimwagia salsa tele, nikamkazia baba macho mpaka akainamisha kichwa.